Besi wa Kwari na Jina la Soja

Muuzaji alikuwa ameniwekea vyambo vitatu juu ya kioo cha kaunta na alikuwa amechoka kuningoja. Kimoja kilikuwa kijiko cha bati kinachong'aa. Kingine kilikuwa samaki wa mbao mwenye ndoano mbili tumboni. Cha tatu kilikuwa mnyoo wa mpira, mweusi, mlegevu, kitu ambacho ningekiona barabarani ningekiruka. Nilikuwa nimetoka kazini na ovaroli yenye gundi ya mabomba, nimeingia mji kwa haraka kabla duka halijafungwa, na pesa yangu ingetosha uzi na vyambo viwili, si vitatu. Nikichagua vibaya, Jumapili baada ya ibada mtu angefukuzwa kazi kwa jina la mwizi.

Mtu huyo ni soja, mlinzi wa kwari yetu. Kule Waithaka, nyuma ya kanisa, kuna shimo ambamo zamani yalichimbwa mawe ya kujengea. Wachimbaji waliondoka, maji yakaja yenyewe, na sasa ni bwawa lenye kuta za mawe na kina ambacho hakuna mtu anakijua. Hakuna anayeingia humo, hata wanaojua kuogelea. Shamba ni la familia ya mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanaume wa kanisa, na alitupa ruhusa tufuge tilapia. Tuliweka vifaranga, tukaweka lango moja, kufuli moja, na soja mmoja wa kulinda.

Mwezi uliopita tulivuta neti upande ule usio na mawe. Tulikuwa tumekuja na magunia. Tulichopata kingetosha meza ya wageni peke yake. Tilapia wachache wakubwa, na wadogo hakuna kabisa. Watu walitazama maji, halafu wakatazama lango, halafu wakamtazama soja.

"Nyinyi watu wa ziwa," mwenyekiti alisema, "mkisikia harufu ya samaki mnasahau hata Amri Kumi."

Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, halafu nikakumbuka kwamba mimi pia natoka huko. Soja hakucheka. Tumetoka lokesheni moja mimi na yeye, na ni mimi nilimleta kwa kikundi alipokosa kazi ya mjengo.

Lazima niseme kwamba mwenyekiti si mtu mbaya. Anauza maziwa, anaamka kabla ya wengine wote, na mke wangu alipolazwa yeye ndiye alikuja na gari. Kutoka pale alipokuwa amesimama, jambo lenyewe lilionekana hivyo: lango ni moja, ufunguo ni mmoja, samaki hakuna. Mimi ningekuwa yeye, labda ningesema hayo hayo. Sijui.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Siku chache kabla ya neti nilikuwa nimepiga magoti ukingoni nikirekebisha bomba la maji ya kanisa, na chura akaruka majini mbele yangu. Hakufika mbali. Kulitokea mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mpana kama bakuli. Mdomo ukafunga, maji yakatulia. Chura hakuwepo tena.

Mdomo ule nilikuwa nimeuona Loresho, kwa nyumba moja ambayo huwa natengeneza pampu. Mwenye nyumba amestaafu na ana bwawa dogo bustanini, na kazi yake kubwa siku hizi ni kuvua samaki na kumrudisha majini, jambo ambalo mama watoto nilipomwambia alikataa kuamini. Samaki wake anaitwa besi. Anakula samaki wenzake, vyura, hata vifaranga vya bata.

Hapo ndipo nilikumbuka ndoo. Siku tulipoweka tilapia, mwenyekiti alileta ndoo ya ziada. Mteja wake mmoja wa maziwa kule Kitisuru, mwenye bwawa, alikuwa amempa samaki wadogo bure. Mchungaji aliiombea ile ndoo mbele ya kanisa zima, tukapiga makofi, ikamwagwa. Hakuna aliyeuliza ni samaki gani. Samaki ni samaki. Tena walikuwa wameombewa.

Nilimwendea mwenyekiti peke yake, ili nisimwaibishe.

"Samaki anakula samaki?" akasema. "Si hiyo ni kama mtu kula mtu?"

"Ni ukweli, mwenyekiti. Nimemwona."

"Umeona peke yako. Na huyo soja ni ndugu yako."

"Si ndugu wa damu."

"Fundi, wewe ni mtu wa haki, hiyo najua. Basi leta hiyo mdomo tuione. Jumapili tunakaa kikao. Ukileta, nitasimama mbele ya watu niseme. Usipoleta, asubuhi ya Jumatatu ufunguo unarudi kwangu."

"Naomba uje uone mwenyewe nikivua. Nisije nikaambiwa nimenunua samaki sokoni."

"Nitakuja Jumamosi," akasema. "Na kiti yangu."

Kwa hiyo nilikuwa pale dukani. Fimbo ya kuvulia, na rili yake ya kuzungushia uzi, mwenye nyumba wa Loresho alikuwa ameniazima. Aliponipa alinionya jambo moja, kwamba anayevua akiwa ukingoni hudhani samaki yuko ng'ambo, kumbe besi amelala karibu na miguu yake. Niliitikia ndiyo, ndiyo. Mimi huwa naitikia ndiyo kabla jambo halijaingia.

"Mzae, maji yenyewe iko aje?" muuzaji aliniuliza. Alikuwa kijana mwenye kofia, lakini hakuwa na dharau. "Safi ama chafu?"

"Ya kijani. Unaona chini kidogo tu."

"Na chini kuna nini?"

"Mawe. Waya za zamani. Kuna mti umeangukia ndani."

Alichukua yule samaki wa mbao akamrudisha kwenye boksi. "Huyu sahau. Ndoano zake zote ziko nje. Atashika mti mara ya kwanza, uende home. Chukua mnyoo. Ndoano unaificha ndani ya mpira hivi, ncha isitokee, inapita kwa matawi bila kushika."

"Sasa samaki atashikwa na nini kama ndoano imefichwa?"

"Ukivuta kwa nguvu, inatoboa mpira inaingia kwa mdomo. Lakini umpee time aumeze. Usikuwe na haraka."

Nilinunua mnyoo kwa sababu aliniambia, na nikanunua kijiko kwa sababu mimi mwenyewe nilikiamini. Kwangu kitu kinachong'aa ndicho kinachoonekana, na kinachoonekana ndicho kinachovutia. Uzi nao nilisita. Mwembamba hauonekani na samaki, mnene hauchoki kwa mawe. Nikachukua mnene. Usiku huo sikulala vizuri nikifikiria kwamba labda besi ataona uzi wangu kama kamba ya kuanikia nguo.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti alikuwa amefika kabla yangu, ameketi kwenye stuli karibu na lango, chai ya thamosi mkononi. Soja alisimama upande wa pili, rungu chini ya kwapa, akitazama barabara kana kwamba hayo mambo yetu hayamhusu.

"Ndugu yangu," nilimsalimu.

"Ndugu," akajibu. Macho yalibaki barabarani.

Nilianza na kijiko. Nilitupa mbali iwezekanavyo, katikati kabisa, kwa sababu katikati ndiko maji yalionekana meusi na ya maana. Kijiko kilipaa vizuri, kikametameta, kikaanguka. Nikazungusha rili. Kikaja na majani. Nikatupa tena. Majani. Mwenyekiti alikuwa ananihesabia kwa sauti ya chini kama mtu anayeweka maziwa kwenye debe.

"Fundi, hiyo ni mboga. Tulikubaliana samaki."

"Subiri kidogo, mwenyekiti."

"Mimi nasubiri. Ni ng'ombe zangu hazijui kusubiri."

Nilitupa kwenda kulia, kushoto, mbele. Jua likapanda juu ya mikaratusi. Kisha kijiko kikashika kitu, moyo ukaruka, nikavuta, kitu kikavuta pia, nikamwambia mwenyekiti asimame. Alisimama. Ilikuwa waya. Nilivuta mpaka fimbo ikapinda kama upinde, na uzi ukakatika kwa mlio. Kijiko changu nilichokiamini kikabaki chini ya kwari pamoja na waya za wachimba mawe.

Mwenyekiti aliketi tena. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Soja alikuwa amegeuza uso akaona, kisha akarudi kutazama barabara.

Nilibaki na mnyoo. Niliuvisha kwenye ndoano. Niliingiza ncha kichwani, nikaitoa, nikaigeuza, nikaificha ubavuni kama nilivyoonyeshwa. Na hapo, nikiwa nimeinama, nikaangalia maji mbele ya viatu vyangu. Ukuta wa mawe ulishuka wima. Mti ulioanguka ulikuwa hatua chache tu, umelalia ukuta, na chini yake kulikuwa na kivuli. Chura yule alikuwa ameruka hapa hapa. Nilikuwa nimepitisha asubuhi nzima nikivua ng'ambo, na kitu nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa miguuni.

Nilirudi nyuma taratibu ili kivuli changu kisianguke majini. Nikausogeza mnyoo kando ya ukuta, si mbali, ukaingia karibu na mti bila kelele. Ukazama. Sikuuvuta. Niliuacha ulale, nikautikisa kidogo, nikauacha tena.

Uzi ukagongwa. Tak, tak, kama mtu anayebisha kwa ukucha.

Sasa, kwetu tulikozaliwa, mto una samaki wadogo wa haraka, na unavua kwa mwanzi na mnyoo wa kweli. Akigusa tu, unamrusha juu ya bega, anaanguka nyuma yako kwenye nyasi. Usipofanya hivyo amekula chambo amekwenda. Mkono wangu haukuniuliza. Ulirusha. Mnyoo wa mpira ulitoka majini ukapita juu ya kichwa changu, ukampiga mwenyekiti kofia ikaanguka.

"Haiya!" akapiga kelele. "Unavua mimi?"

Ni soja aliyecheka. Alicheka mara moja tu, kwa sauti, halafu akaziba mdomo kwa mkono. Na mwenyekiti, akiokota kofia, alitabasamu pia kidogo. Nilitamani wakati huo uendelee, lakini haukuendelea.

"Umemrusha kama wa kwetu," soja alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza refu siku hiyo. "Huyo si wa kwetu."

"Najua."

"Basi ngoja."

Mwenyekiti alitazama saa. "Lazima nipeleke maziwa ya saa sita," alisema. "Mara moja tena, fundi. Nisamehe. Mara moja tu, ndio nisiseme sikukupa nafasi."

Ilikuwa haki. Nisingeweza kulalamika. Niliuvisha mnyoo upya kwa sababu ulikuwa umechanika kichwani, nikausogeza pale pale kando ya ukuta. Nilikuwa na uhakika samaki ameshtuka na ameondoka. Nilikuwa na uhakika pia kwamba nilichoona siku ya bomba kilikuwa kivuli cha mti, na kwamba soja alikula samaki, na kwamba mimi ni mjinga aliyeazima fimbo ya mtu. Mambo hayo yote nilikuwa na uhakika nayo kwa pamoja.

Tak.

Mkono ulitaka kuruka. Niliushika kwa mkono mwingine.

Uzi ukaanza kutembea. Haukuvutwa kwa nguvu. Ulitembea tu kando, kuelekea mti, kama mtu anayeondoka dukani na kitu hajalipia. Nilijiambia ngoja. Nikasikia soja nyuma yangu, kwa sauti ya chini sana, "Ngoja." Uzi ulipokaribia tawi la kwanza nilivuta kwa mwili wote.

Fimbo ilikutana na uzito ambao sijawahi kuusikia kwa samaki. Akaenda kwa mti. Nikamzuia. Uzi mnene ukakwaruza ukuta na haukukatika, na nikamshukuru Mungu kwa kamba yangu ya kuanikia nguo. Kisha akaruka. Alitoka majini mzima, mdomo wazi, akitikisa kichwa kushoto na kulia kama anayekataa shauri, na sote watatu tuliuona mdomo ule.

"Yesu!" mwenyekiti akasema, na hakuwa anaapa.

Ukuta ulikuwa mrefu na sikuwa na neti ya mkono. Ni soja aliyelala kifudifudi kwenye mawe, akateremsha mkono, akamshika samaki kwa mdomo wa chini, kidole gumba ndani, akamwinua. Alimweka miguuni mwa mwenyekiti, akarudi langoni.

Mwenyekiti alikunja ngumi akaiingiza katika ule mdomo. Iliingia yote. Aliitoa, akaipangusa kwa suruali.

"Mpasue," akasema.

Hapo niliogopa kuliko asubuhi yote, kwa sababu tumbo likiwa tupu, mdomo peke yake usingetosha. Nilimpasua kwa kisu cha soja. Tumboni mlikuwa na mguu wa chura, na tilapia mmoja mdogo, hajaanza hata kuyeyuka, macho bado yapo. Mmoja tu.

"Ni mmoja," nilisema, kabla hajasema yeye.

"Wa leo ni mmoja," mwenyekiti akajibu. "Na jana? Na huyu ako na wenzake. Ndoo ilikuwa imejaa, fundi. Mimi ndio niliibeba."

Jumapili alitimiza neno lake. Baada ya ibada alikileta kichwa cha besi juu ya sinia, akakipitisha kwa kila mwanaume kikaoni, akasema, "Hii ndio mwizi, na mimi ndio nilimleta, na mchungaji akamuombea." Watu walicheka kwa nguvu, hata mchungaji. Soja alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimwona mabega yanashuka, kama mtu anayetua gunia.

Basi mchungaji, ambaye naye hupenda jambo liishe vizuri, akaniuliza: "Fundi, kwa hivyo unaweza kutuhakikishia kwamba soja wetu hajawahi kuchukua hata samaki mmoja?"

Ningesema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilifikiria: mimi silali kwari. Sijamwona akichukua, na sijamwona kila siku asichukue. Nikiapa jambo nisilolijua kwa sababu tumetoka mahali pamoja, ndipo mwenyekiti atakuwa amesema kweli kuhusu sisi.

"Siwezi kuhakikisha," nilisema. "Ninachojua ni cha samaki. Hayo mengine sijui."

Kicheko kilikufa. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeokoa kikao. Alisema hakuna ushahidi juu ya soja, kwa hivyo hakuna neno juu ya soja, na anayekubali ainue mkono. Mikono yote iliinuka. Soja akabaki na ufunguo wake, na mimi nikapewa kazi ya kuwatoa besi waliobaki, kila Jumamosi, mpaka waishe.

Nilimkuta soja kwenye lango la kanisa nikitoka.

"Umesema ukweli," aliniambia.

"Nilijaribu."

"Lakini kulikuwa na ukweli ingine pia, na hiyo hukusema. Kwamba unanijua."

Nikapita, nikaenda zangu. Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo. Wakati mwingine naona nilifanya haki, na wakati mwingine naona nilijifunika na haki kama mtu anavyojifunika na gazeti mvua ikinyesha. Kumjua mtu miaka yote hiyo si ushahidi wa kikao. Lakini si kitu bure pia, na mimi nilikifanya kuwa bure mbele ya watu.

Siku hizi ananifungulia lango na kusema, "Habari, fundi." Zamani ilikuwa ndugu. Nimetoa besi kadhaa, wote karibu na ukuta, wote kwa mnyoo mweusi, na vifaranga vimeanza kuonekana tena pembeni, vinapita kama mvua ndogo chini ya maji. Mwenyekiti hupeleka besi wengine Kitisuru pamoja na maziwa. Anasema anarudisha zawadi.

Jumamosi iliyopita soja alikuja akasimama karibu, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu kikao. Sikumtazama. Nilikuwa nimeweka mnyoo chini ya mti na nilikuwa nikiogopa kugeuka, kwa sababu nilijua nikimtazama usoni nitaongea mambo mengi na kuyaharibu.

"Mimi nakujua," nilisema, nikitazama maji. "Ningepaswa kusema hivyo. Halafu niseme na hilo lingine. Yote mawili."

Alisogea karibu zaidi. Kisha akasema, "Uzi wako umeshika tawi."

Niliangalia. Haukuwa umeshika tawi. Ulikuwa unatembea kando, polepole, kuelekea kivulini. Mkono wangu ukaruka kidogo, na mkono wake ukaja juu yake ukaushikilia chini, na tukasimama hivyo, bila mmoja wetu kupumua, tukingoja.